Jogoo wa Shamba Kwenye Kadi ya Mjini

Hotuba kwa mafundi wa mabango na vijana wa kazi za usanifu, Kisumu

Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, mafundi wenzangu wa brashi na wa kompyuta, na ninyi wanafunzi mliopanda matatu alfajiri kutoka Kakamega, Kericho na Nakuru: hamjambo. Nimeambiwa chai iko tayari huko nyuma, kwa hiyo harufu ya mandazi ikiwafikia kabla sijamaliza, mnivumilie.

Kabla ya yote, kila mmoja atoe sarafu mfukoni. Yoyote ile. Kama ni ya zile zilizotolewa 2018, upande mmoja utaona mnyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Sasa igeuze. Huku kuna ngao ya taifa, simba wawili wameishikilia kushoto na kulia. Sogeza jicho karibu kabisa, pale katikati ya ngao. Kuna ndege. Ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini yupo. Ni jogoo, na mguuni ameshika shoka.

Mwekeni huyo jogoo kando kidogo. Aliwahi kunitia aibu, nami nitawasimulia.

Nimeombwa nizungumzie nembo ya mtu binafsi, ile mnayoiita logo: alama anayoiweka seremala, wakili, mshonaji au mpiga picha kwenye kadi yake, kwenye muhuri, kwenye fulana, ili watu wakiiona wamkumbuke yeye. Hasa zile nembo zinazotokana na mila zetu na ndege wetu. Kwangu wateja wengi wanaotaka kiumbe kwenye nembo huishia kwa ndege, na sishangai. Mashabiki wa AFC Leopards wanamwimba chui, Ingwe, kila wikendi, lakini wangapi wamekutana naye njiani? Ndege tunaamka naye. Anakula mtama wetu, anadokoa omena, yaani dagaa, tuliyoanika pale ufukwe wa Dunga, anajenga juu ya vichwa vyetu bila kuomba ruhusa. Mtoto hata kabla hajajua kusoma anajua ni ndege gani akilia mama hunyamaza.

Kwa hiyo mteja akija kwangu na ndege, namuuliza swali moja tu: huyu ndege anakujuaje? Wengine hudhani natania. Swali hili nilijifunza kwa hasara, tena hasara ya pesa zangu.

Mwalimu mmoja kijana aliacha kazi ya darasani akaanza kuwafundisha watoto majumbani mwao, jioni. Akataka nembo: bundi juu ya kitabu kilichofunguliwa. Nilimchorea upesi, nikafurahi na mchoro wangu, macho mawili makubwa ya duara, kitabu chini kama kiota. Zikachapishwa kadi mia mbili. Nyumba ya kwanza aliyoingia, mama wa watoto aliipokea kadi, akaitazama, akailaza mezani kifudifudi, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikamrudia mwalimu. Hakusema neno. Chai ililetwa, lakini kazi haikupatikana.

Sasa, huyo bundi wa hekima alitoka wapi? Alitoka kwa Wagiriki wa kale. Alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa hekima, na mji wa Athens ulimweka kwenye sarafu zake. Kutoka huko akaingia vitabu vya Ulaya, na kutoka vitabu vya Ulaya akaja kukaa juu ya majalada ya madaftari yetu. Hapa kwetu bundi, tula kwa Kijaluo, akilia juu ya paa usiku watu hawalali, na asubuhi wanapigiana simu kuulizana habari za wagonjwa. Pwani nako hawamkaribishi. Mimi mwenyewe simwogopi. Anakula panya, na mwenye ghala la mahindi angepaswa kumshukuru. Lakini kadi ikifika mezani kwa mtu haifuatani na wakili wa kumtetea ndege.

Nilimrudishia mwalimu nusu ya gharama, kisha tukakaa tukaongea jinsi ambavyo tungepaswa kuongea mwanzo. Alikulia uwanda wa Kano, karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero. Nikamuuliza ukitoka shule ulikuwa unaona nini. Akasema ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe okok. Mnamjua okok: yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu anayetembea nyuma ya ng'ombe, au nyuma ya trekta siku hizi, akingoja wadudu wanaoshtuliwa na kwato. Hamkimbizi ng'ombe wala hamtangulii. Anamfuata taratibu, na kila hatua anaokota kitu. Mwalimu akanyamaza kidogo, akasema, "Hivyo ndivyo ninavyofundisha." Nembo yake leo ni okok mmoja anayetembea, kichwa kimeinama. Kitabu tulikiondoa. Hakuna mzazi aliyeisukuma kadi ile.

Mwingine alikuja akiwa na mchoro tayari kwenye simu. Mpishi wa hoteli, kijana wa Nandi, mchangamfu sana. Mchoro ulikuwa wa Sankofa, ndege wa Waakan wa Ghana aliyegeuza shingo nyuma kuchukua yai mgongoni. Jina lake maana yake ni rudi ukachukue. Ni alama nzuri mno, na Waakan wameikalia vizazi na vizazi. Nikamuuliza anakujuaje. Akasema, "Ni Afrika, kaka." Nikamwambia: ndege huyu anakuambia urudi ukachukue ulichokiacha kwenu, nawe umeenda kuchukua cha jirani.

Alicheka, akakasirika, halafu akatoka nje akampigia nyanya yake simu. Aliporudi uso ulikuwa mwingine. Wakalenjin, wenzetu mlio hapa mtanisahihisha, kila ukoo una tiondo wake, kiumbe ambacho ukoo unajitambulisha nacho. Nyanya alimwambia wao ni wa kong'ony, korongo mwenye taji, yule mrefu mwenye manyoya ya dhahabu kichwani. Kijana alikuwa hajui. Miaka ishirini na saba, hajui! Na nyanya akatoa sharti: mchore ukitaka, lakini asichorwe kwenye mtego wala kwenye sahani. Mpishi, asiweke ndege wake kwenye sahani. Tulicheka hadi jirani wa duka la simu akaja kuuliza kuna nini. Basi korongo yupo kwenye aproni na kwenye kofia, na sahani zake ni nyeupe tupu.

Korongo huyo alinipa kazi. Ukimchora amesimama wima, mguu mmoja umeinuliwa, umechora bendera ya Uganda. Yuko pale katikati tangu 1962, na mguu ule ulioinuliwa wanasema ni wa nchi inayosonga mbele. Sikutaka mpishi wetu aonekane balozi. Wale waliofika kinamasi cha Saiwa kule Trans Nzoia wanajua jambo jingine la korongo: anacheza. Anainama, anaruka juu mabawa yakiwa wazi, anatua, anainama tena, na mwenzake anamjibu. Tukamchora akiwa hewani, miguu yote miwili imeacha ardhi. Nilichora mirukio ishirini na kitu kabla ya huo mmoja. Niongeze jambo, kwa kuwa tunatumia sura yake kujitangaza: tangu 2012 korongo huyu yuko kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, na sababu moja kubwa ni kwamba tunakausha vinamasi anamotagia.

Niseme kuhusu tai kwa haraka, kwa sababu mawakili na wahubiri hawaachi kumtaka. Ukitafuta picha ya tai kwenye intaneti, au ukiiagiza programu ikuchoree, mara nyingi utaletewa tai wa Marekani, aliye kwenye muhuri wa taifa lao tangu 1782. Tai wetu wa ziwani, kwazi, anayelia asubuhi pale Hippo Point hadi mtalii anaangusha kamera, ni jamaa yake lakini si yeye. Wa Marekani weupe wake unaishia shingoni. Kwazi weupe umeshuka hadi kifuani, kama mtu aliyefungwa kitambaa cha kinyozi, na tumbo lake ni la rangi ya udongo mwekundu. Nimeona kadi za mawakili wa mji huu zenye ndege wa serikali ya kigeni, na wenyewe hawajui. Tazameni vifua.

Sasa twende Tabaka, Kisii. Kama hujawahi kumtazama mchongaji wa mawe ya sabuni akifanya kazi, fanya safari. Kuna mzee mmoja nilikaa naye siku nzima. Nilimletea mchoro wangu wa ndege mwenye miguu miwili myembamba nikamwomba anichongee. Aliutazama, akauweka chini ya jiwe ili upepo usiuchukue, akaanza kuchonga kitu kingine kabisa: ndege asiye na miguu, amekaa, mabawa yamebana mwilini, shingo nene kama ya fahali. Nikauliza miguu iko wapi. Akasema, "Jiwe hili halipendi miguu. Ukilipa miguu litakupa vipande." Na kweli, wale ndege waliochongwa zamani Great Zimbabwe, ambao mmoja wao yuko kwenye bendera ya Zimbabwe tangu 1980, nao ni wa jiwe la sabuni, nao wamekaa kizitozito juu ya nguzo zao. Mikono tofauti, nchi tofauti, na jiwe limewaambia jambo lile lile.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu kuhusu mila kwenye nembo ambacho sikuwa nimekielewa miaka yote ya kupaka mabango. Wengi tunadhani kuweka utamaduni ni kupachika vitu: shanga pembeni, ngao nyuma, mikuki miwili, ramani ya Afrika, kisha maandishi yenye ncha-ncha kama yamechongwa kwa panga. Yule mzee hakupachika chochote. Alitoa. Ukitazama ndege wake unajua ametoka Tabaka kwa sababu ya yale ambayo jiwe la Tabaka lilimkataza kufanya.

Basi turudi kwa jogoo wa sarafu.

Mimi ni kifungua mimba. Nilikuwa na miaka kama tisa baba yangu alipohamia dala yake mwenyewe, yaani boma lake, kule Seme. Wajaluo mlio hapa mnajua, wengine niwaeleze. Mwanamume haanzishi boma lake kwa kuita tu mafundi. Tuliondoka nyumbani kwa babu gizani, umande umejaa nyasi. Babu mbele kuonyesha mahali. Baba amembeba jogoo kwapani. Mama na moto kwenye kigae, amekifunika kwa kiganja upepo usiuzime. Na mimi, mtoto wa kiume wa kwanza, nimepewa shoka. Lilikuwa jipya na lilikuwa zito, na nilikatazwa kulibadilisha bega. Desturi hii hutofautiana ukoo hata ukoo, lakini kwetu ilikuwa hivyo. Nakumbuka jicho la jogoo lilikuwa limenikazia njia nzima.

Miaka mingi baadaye, nimeshaacha kupaka majina ya mashua Dunga, nimenunua kompyuta, nikaamua nami niwe na nembo yangu. Wazo lilikuja lenyewe. Nini kingine? Jogoo na shoka! Nikamchora jogoo mtanashati, kifua mbele, mkia umepinda, na mguu mmoja umeshika shoka. Nikaona nimemaliza utamaduni wote. Nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa anachonga mihuri ya mpira kwenye Mtaa wa Oginga Odinga.

Alivaa miwani. Akavua miwani. Akasema, "Kijana, mimi nina wajukuu. Unataka nifungwe?"

Nikasema, "Mzee, kosa langu nini?"

Akafungua droo, akatoa shilingi kumi, akaigongesha mezani mbele yangu.

Nilikuwa nimeshika sarafu zile maisha yangu yote. Nimenunulia mandazi, nimezihesabu, nimezipoteza. Sikuwahi kumwona jogoo. Ngao ya taifa letu ni ya 1963, na ndani ya ule utepe mwekundu wa katikati kuna jogoo mweupe ameshika shoka. Jogoo alikuwa pia alama ya chama cha KANU. Na sheria ipo, ile ya bendera, nembo na majina ya taifa, Sura ya 99: ukitumia alama hizo kwenye biashara bila idhini ya maandishi ya waziri, umevunja sheria. Sisemi kwamba shoka la Seme ndilo lililopanda hadi kwenye ngao, wala sisemi kinyume chake. Nasema tu kwamba kumbukumbu yangu ya ndani kabisa, niliyoidhani ni ya nyumbani kwetu, ilikuwa mfukoni mwa kila Mkenya na ilikuwa na mwenyewe.

Nilirudi ofisini nimenywea. Nikatoa shoka. Nikabaki na jogoo mtupu, na jogoo mtupu ni duka la kuku wa kukaanga. Wateja wawili waliniuliza kama siku hizi nauza kuku. Waswahili walisema jogoo wa shamba hawiki mjini, na wangu kwa kweli alikuwa amepoteza sauti.

Tatizo la pili lilikuwa mkia. Mkia wa jogoo ni mtamu kuuchora na ni balaa kuupunguza. Kwenye bango la mita tatu ulipendeza kama maji yanayoruka. Kwenye kadi ukawa kitanzi. Kwenye muhuri ukawa doa la wino. Nilipouweka kama picha ya WhatsApp, ambayo hukatwa kwa duara, mkia ukabaki nje na jogoo akaonekana kama anatoroka polisi. Na ile alama ndogo inayokaa juu kwenye kichupo cha kivinjari ni pikseli 16 kwa 16. Jaribuni kumweka jogoo mwenye manyoya mle ndani.

Nikamkumbuka mzee wa Tabaka. Nikaanza kutoa. Mkia ukaenda. Mabawa yakaenda. Miguu ikaenda, jiwe haliipendi. Mwishowe kwenye karatasi nilikuwa na shingo tu, imenyooshwa juu, mdomo ukielekea mbinguni, jinsi jogoo anavyofanya anapowika kwa nguvu zote. Mistari miwili inayopanda na kukutana. Nikaitazama muda mrefu. Nikaona paa.

Paa la nyasi la nyumba ya kwetu, lenye kilele, na juu ya kilele osuri. Osuri ni ule mti mwembamba unaochomoza juu ya paa. Ukiuona, mwenye nyumba yupo. Akifa, huondolewa. Mdomo wa jogoo wangu ulikuwa umekaa pale pale panapokaa osuri. Sikuupanga, nilikuwa napunguza tu, na dala ya baba ikajitokeza, jogoo na nyumba kwa pamoja, bila shoka, bila kumkosea waziri. Mistari mitatu yote kwa jumla. Mzee wa mihuri aliuchonga siku hiyo hiyo, akaujaribu nyuma ya gazeti kuukuu, akaupuliza wino ukauke, akaniambia, "Huu sasa ni wako."

Kwa mnaotaka kuanza kesho, haya ndiyo ninayoyafanya sasa kila mara. Naanza kwa penseli, na programu nafungua mwishoni. Nikifika kwenye kompyuta natumia programu ya vekta, inayohifadhi mchoro kama mistari inayokokotolewa, ili mchoro ule ule utoshe kwenye muhuri na ubavuni mwa lori bila kutia ukungu. Inkscape ni ya bure, hamna kisingizio. Kila mchoro naujaribu kwa wino mweusi peke yake. Kisha nauchapisha saizi ya ukucha wa kidole gumba. Kisha naupeleka kwa fundi wa mashine ya kudarizi na kumuuliza anaonaje, kwa sababu uzi una ukali wake kama jiwe la sabuni, na mistari myembamba huimeza. Mwisho naupaka kwenye madigadi ya bodaboda ya rafiki yangu. Mvua moja ya Kisumu na wiki moja ya tope: kinachosomeka baada ya hapo ndicho nembo.

Rangi inakuja nyuma ya hayo yote, nami nitaisemea kwa ndege wawili. Wa kwanza ni heroe, yaani flamingo, wa Nakuru. Msusi mmoja wa Nakuru alinitaka nimchoree heroe wa waridi iliyokoza. Heroe hazaliwi na rangi ile. Kifaranga ni wa kijivu. Waridi inatokana na chakula, mwani mdogo uitwao spirulina unaoota kwenye maziwa ya magadi. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya karibuni, magadi yakapungua makali, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Nikamuuliza msusi: ndege aliyehama ndiye unayemtaka? Akasema ndiyo, huyo hasa. Alikuwa amefanya kazi Ghuba miaka minne, akarudi. Anajua kuondoka kunakotokana na chakula. Nilifunga mdomo nikachora.

Wa pili ni shorobo wa msitu wa Kakamega, wale ambao mabawa yao yakifunguka unaona wekundu kama moto. Wekundu ule una shaba ndani yake, shaba ya kweli, na unyoya ukiloweshwa kwenye maji ya sabuni kali rangi inaweza kutoka. Kila nikimpelekea mchapishaji rangi nyekundu ikarudi imepauka, namkumbuka shorobo. Usiweke uhai wa nembo yako kwenye rangi ambayo mtu mwingine anaichanganya.

La sheria nitalipita, kwa maana wakili aliyealikwa ataongea baada ya chai. Nembo ikiwa ya biashara, isajilini KIPI, taasisi ya serikali inayosajili nembo za biashara. Usajili ni wa miaka 10, na unahuishwa. Na tangu 2016 tuna sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, kwa hiyo alama ya ukoo au ya jamii si mali isiyo na mwenyewe inayongoja mwenye kompyuta. Yule mpishi alipiga simu moja tu kwa nyanya. Na nyanya alikuwa na la kusema.

Nami nilipaswa kupiga yangu mapema. Muhuri ulipokuwa tayari, kadi zimechapishwa, ndipo nilipokwenda Seme kumwonyesha mama. Baba alikuwa ameshafariki, na osuri yake ilishaondolewa. Mama aliitoa miwani kwenye kitambaa, akaileta kadi dirishani penye mwanga. Akaifuata mistari kwa kidole, kushoto kupanda, kulia kushuka. Akamtambua jogoo, sikuhitaji kumwambia.

"Mbona umemfunga mdomo?" akauliza.

Nikasema, "Mama, mdomo ndio osuri."

"Alikuwa anawika," akasema. "Siku ile aliwika njiani kabla hatujafika, baba yako akacheka. Wewe ulikuwa unalia kwa sababu ya shoka."

Sikukumbuka kulia. Baba mdogo, aliyekuwa ameketi mlangoni, akaingilia: mdomo ukifunguliwa utakuwa na ncha mbili, na nyumba gani umeiona ina osuri mbili? Wakabishana, mama na shemeji yake, mpaka uji ukapoa. Niliingia chumba cha pili na penseli. Nikaufungua mdomo, ncha ya juu nikaiacha ndefu, ya chini nikaifupisha mpaka ikawa kama kibanzi. Nikawaletea.

Baba mdogo alisema sasa sawa. Mama alisema bado, afungue zaidi.

Kadi mnazopewa pale mlangoni zina mchoro wa baba mdogo. Wa mama nimeuweka kwenye muhuri, na nimekuja nao. Atakayependa alete karatasi, wino upo.